Kupasuliwa jicho ukiwa macho: ganzi inafanya kazi namna gani?

Huku Nundu, mtu akisikia kwamba jicho litapasuliwa bila kulazwa usingizi, anaweza kurudi nyumbani na asionekane tena hospitalini. Kwa ugonjwa wa retina, kungoja kunaharibu.

Retina ni utando mwembamba nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Ukibanduka, mgonjwa anaona cheche za mwanga, vidoti vyeusi vingi vya ghafla, kisha kama pazia linafunika upande mmoja. Hakuna maumivu, ndiyo maana watu wanakaa tu. Lakini siku chache zinaweza kuamua kama ataona vizuri tena ao hapana.

Ganzi ya jicho ni ya zamani: mwaka 1884, kule Vienna, mganga Carl Koller aligundua kwamba matone ya kokeini yanaondoa maumivu. Leo matone ni mwanzo tu. Upasuaji wa retina unaweza kupita saa moja na jicho linapaswa kutulia, basi dawa kama lidokaini inawekwa kuzunguka jicho, si ndani yake. Kisha jicho halisikii maumivu wala halizunguki, na linaweza kuona giza kwa muda. Hiyo ni dawa, si upofu.

Zamani sindano ndefu ilipelekwa hadi nyuma ya jicho. Iliweza kutoboa jicho ao kuvujisha damu, zaidi kwa wale wasioona mbali, maana jicho lao ni refu. Siku hizi waganga wengi wanakata kidogo utando unaofunika weupe wa jicho, wanapitisha kamrija kasiko na ncha kali. Watoto na wasioweza kutulia ndio wanalazwa usingizi.

Mweleze mganga mapema: unakohoa? Unashindwa kulala chali? Unakunywa dawa za kuzuia damu kuganda? Ukitaka kukohoa kati ya upasuaji, sema kwanza.

Kazi hii inataka mashine zisizopatikana kwenye hospitali za kawaida. Kutoka Nundu, njia ikipitika, ni Uvira kisha Bukavu kwa waganga wa macho. Wengine wanatumwa mbali, kama KCMC ya Moshi, Tanzania.

Na kurudi nako kuna shida yake. Mara nyingi povu la hewa linaachwa ndani ya jicho kushikilia retina. Ukipanda ndege ao milima mirefu, povu linavimba na linaweza kuua jicho. Hata hewa moja ya kulaza wagonjwa inalivimbisha. Kwa hiyo uliza povu litaisha lini kabla ya kukata tiketi.