Ua na Msamiati wa Uzuri katika Manga na Anime: Mtihani kwa Mfasiri wa Kiswahili

Makala haya yanafafanua namna maua yanavyobeba maana katika manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, na katika anime, filamu zake za vibonzo. Yanaonyesha pia kinachopotea pale kazi hizo zinapomfikia msomaji wa Kiswahili kwa kupitia Kiingereza.

Ugumu unaanzia kwenye msamiati. Neno kirei husifu uso wa msichana na vilevile sakafu iliyotoka kupigwa deki. Hivyo mara nyingine nadhifu au safi hulikaribia kuliko mrembo. Utsukushii leo ni uzuri wenye hadhi, lakini zamani lilitaja huba kwa kilicho kidogo na dhaifu. Sei Shōnagon, aliyeandika Makura no Sōshi yapata mwaka 1000, aliweka chini ya neno hilo uso wa mtoto uliochorwa juu ya tikiti. Maana hiyo sasa imerithiwa na kawaii. Kivumishi -zuri cha Kiswahili hubeba sura na tabia kwa pamoja, na kikitumiwa kwa maneno yote matatu, tofauti zake hufutika. Bishōnen, kijana wa kiume mwenye sura nyororo, ni mgumu zaidi: mtanashati husifiwa kwa usafi na mavazi, ilhali huyu husifiwa kwa uzuri unaokaribia kuvunjika.

Katika manga za wasichana, maua hayahitaji bustani. Huelea nyuma ya kichwa cha mhusika, na msomaji hujua kwamba kilichochorwa ni hisia, si mahali. Mizizi yake ni pamoja na Hana Monogatari ya Nobuko Yoshiya, hadithi zilizoanza kutoka mwaka 1916, zikiwa na majina ya maua. Katika Versailles no Bara ya Riyoko Ikeda (1972–1973), waridi jeupe ni la Oscar na jekundu ni la Marie Antoinette. Waridi hapa ni mgeni: lugha yake ya ishara iliingia Japani kutoka Ulaya katika enzi ya Meiji. Kufikia Shōjo Kakumei Utena (1997) limekuwa heshima yenyewe, kwani anayeng'olewa waridi kifuani ameshindwa pambano.

Maua ya jadi yana mantiki nyingine. Sakura hupukutika lingali katika kilele cha uzuri wake. Tsubaki huanguka ua zima kwa mkupuo, ndiyo maana hukumbusha kichwa kilichokatwa. Higanbana, jekundu, huchanua karibu na siku ya mlingano wa vuli, majira ya kuzuru makaburi. Likitokea kwenye picha, kifo kimekwisha tajwa kabla mhusika hajafungua kinywa. Manukuu ya chini ya skrini hufasiri usemi tu. Mtazamaji wa Mombasa au Unguja, aliyezoea kulitambua ua kwa harufu, kama asumini na kilua katika kikuba, anaweza kuliona higanbana akadhani ni mapenzi. Isitoshe, sakura halina harufu ya kutajika.

Hata vichwa vya hadithi huficha mitego. Hana yori Dango ya Yoko Kamio, iliyoanza mwaka 1992, hucheza na methali inayowasema wanaopenda vitumbua kuliko maua, lakini dango imeandikwa kwa herufi za neno wavulana. Tafsiri sisisi huua mzaha huo. Mfasiri hana budi kuunda mwingine.

Kwa vyombo kama BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, hatua ya kwanza iwe ndogo: faharasa ya maneno ya uzuri iliyotungwa moja kwa moja kutoka Kijapani, pamoja na mwongozo unaoruhusu maelezo mafupi kwenye skrini ua linapozungumza badala ya mhusika. Majina kama sakura, tsubaki na higanbana yabaki yalivyo. Kuliita higanbana yungiyungi jekundu, kwa kufuata jina lake la Kiingereza, ni kulihamisha kutoka makaburini.