Mtoto anayesoma mtandaoni aachiwe uhuru kiasi gani?

LIKIZO ikianza, wazazi wengi hununua bando ili mtoto asome mtandaoni. Baada ya wiki mbili bando limekwisha, video nyingi zimetazamwa, lakini ukimuuliza swali la mada ya kwanza anababaika. Simu inanyang'anywa, ugomvi unaanza.

Mara nyingi tatizo si uvivu. Darasani mwalimu ndiye anayeamua kisomwe nini, saa ngapi, na kama kimeeleweka. Mtandaoni kazi hizo tatu humwangukia mtoto, na pengine hakuna aliyewahi kumfundisha kuzifanya.

Hata watu wazima zinawashinda. Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walitoa bure mtandaoni kozi ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliomaliza ni takriban 23,000 tu.

Kwa hiyo mzazi, uhuru mpe kidogo kidogo.

Apange mwenyewe. Badala ya kumwamuru "kasome hisabati", mwulize wiki hii anataka kuelewa nini, na atajuaje kwamba ameelewa. "Nikokotoe riba bila kuangalia mfano" ni lengo. "Nisome sana" si lengo.

Achague vyanzo vichache. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania anaweza kupata notisi Shule Direct, na Khan Academy ina video na mazoezi. Inatosha awe na chanzo kimoja cha maelezo, kimoja cha mazoezi, na mtu wa kumuuliza akikwama: mwalimu, dada yake au wenzake wa darasa. Vyote viishie kwenye daftari lake.

Ajipime. Utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma bila kukitazama walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokirudia kukisoma. Video ikiisha, aweke simu kando, aandike anachokumbuka, ndipo arudi kulinganisha.

Umri nao uangaliwe. Wa darasa la nne bado anahitaji ukae karibu naye. Wa kidato cha tatu anaweza kujipangia wiki nzima. Ila usiku simu ilale chumbani kwa mzazi, wote wawili.

Na kama somo lenyewe hulijui? Si lazima ulijue. Ijumaa jioni mpe dakika kumi akufundishe alichojifunza. Akikwama usimkemee, mwulize wiki ijayo atabadilisha nini.

Chuoni na kazini hakuna kengele ya kumwambia sasa soma, sasa pumzika. Mtoto anayeweza kusema, "Mama, mada hii sijaielewa, naomba niirudie," ameshaanza kujitegemea, hata kama alama zake bado hazijapanda.