Kale karoboti kenye kaske ya njano

Wandugu wasomaji, watumikaji wa mugodi na wamama wa nyumba, leo hatuanze na mushahara. Tunataka kusema juu ya kitu kidogo kabisa: karoboti ka mu michezo ya video, kale wachezaji wanaitaka Met. Wengine watacheka, watasema sendika na mambo ya watoto, wapi na wapi? Mungoje kidogo. Mukikaangalia muzuri, mutaona kako na kaske ya njano kichwani, sawa ile yetu.

Mwezi wa Desemba 1987, kompani moja ya Japani, Capcom, ilitoa mchezo wa kuruka na kupiga masasi kwa mashini ya Nintendo. Kwao Japani waliuita Rockman. Kule Marekani wakauita Mega Man. Tangu pale mchezo ule umezaa wadogo wengi sana, na karibu fasi zote unakuta tule turoboti twa kaske. Hata jina linatoka mule: Wajapani wanakatishaka neno lao la kaske na kusema "metto", njo Met ikazaliwa.

Sasa musikie hadithi yenyewe, juu kwetu sisi watu wa kazi ile hadithi iko na maana. Kuko mwenye akili mumoja, Dr. Light, anatengeneza maroboti kwa kusaidia watu kazi. Cut Man anakata miti mu pori. Guts Man anabeba mawe makubwa na kutengeneza fasi ya kujenga. Bomb Man analipua mawe, sawa wandugu wetu wa baruti. Ice Man anatumika fasi ya baridi kali. Fire Man anachoma takataka. Elec Man anachunga moto wa umeme ku santrali. Ni watumikaji sita, kila mumoja na ufundi wake. Halafu Dr. Wily, ambaye alikuwa anatumika pamoja na Light, anawageuza akili na kuwafanya waaskari wake. Hakuna mumoja aliyeulizwa. Yule anayetumwa kuwasimamisha, Rock, naye alikuwa roboti ya kazi ya nyumba, akakubali mwenyewe wamugeuze kuwa mupiganaji.

Tena mufasi gani unakutana na Met mara ya kwanza? Mu fasi ya Guts Man, mule mulima wa mawe. Met wanakungoja ku mwanzo. Mbele zaidi kuko mbao zinatembea ku reli juu ya shimo, na fasi reli imekatika, ubao unalala na wewe unaanguka. Kuko na maroboti mengine ya kaske, yanakutupia sururu. Yule aliyechora ile fasi alikuwa anawaza juu ya shantie na juu ya mawe, hakuna shaka.

Met yenyewe inatumika namna hii. Inalala chini, kaske imefunika mwili wote, unaona macho tu. Ukipiga masasi, yanagonga kaske na kuruka, bure. Ukikaribia, inainuka, inatoa masasi matatu kwa mara moja: moja mbele, moja kwa juu, moja kwa chini. Halafu inashuka tena chini ya kaske. Ukitaka kuishinda, ungoje wakati ule mufupi inapoinuka. Sasi moja tu, imekwisha. Hakuna adui mudogo kuliko ile, lakini wachezaji wote wanajua: ukikimbia bila kuangalia, Met itakupunguzia nguvu kabla hujafika kwa mukubwa wake.

Kuko kitu kingine ambacho wengi hawaangaliake. Juu ya ile kaske ya njano wamechora musalaba wa kijani. Si mapambo. Kule Japani musalaba wa kijani ni alama ya usalama wa kazi. Ilianza mwaka 1919 mu Tokyo, wakati wa juma la kufundisha watu kujikinga na hatari za kazi. Mpaka leo unaiona ku kaske za watumikaji wao, ku bendera za shantie, ku milango ya mafabriki. Basi kale kaadui kanavaa alama ile ile ambayo ndugu zetu wa Japani wanavaa asubuhi wakienda kutumika. Mutoto wa Japani akiona Met, anaona mutu wa kazi.

Na kadiri miaka inapita, Met inajifunza kazi mupya. Mu mchezo wa kwanza haitembeake; kisha ikapata miguu na kukimbia. Kukatokea zingine zinaogelea, na zingine zinaruka na feni kichwani. Mwaka 1991, mu Mega Man 4, ikakuja moja kubwa sana ya kumuangukia mutu na uzito wake. Mwaka 2001, mu Mega Man Battle Network, Capcom iliipatia sururu mukononi: inapiga chini, na nguvu inatembea mu udongo mpaka kwako. Kazi imebadilika mara nyingi, kaske imebaki.

Sasa tuje kwetu. Juu ya nini sendika inapoteza wino juu ya Met? Ni kwa sababu wakubwa wengi wa kazi wanafikiri sawa yule aliyechora Met: mutu akiwa na kaske, amekwisha kulindwa. Ukienda kuuliza juu ya jiwe linalopasuka mu galeri, wanakujibu: "Lakini tuliwapa kaske." Ukiuliza juu ya vumbi: "Tuliwapa kaske." Kwa kompani moja tulikuta watumikaji wanavaa kaske zenye kupasuka, kamba za ndani zimekatika, na wengine wamejinunulia yao ku soko na franka zao. Tulipouliza, walituambia tungoje budje ya mwaka unaokuja. Jiwe halingojeake budje.

Muangalie Met tena. Kaske yake ni nguvu sana, kuliko ya mutu yeyote, hakuna sasi linaipasua. Lakini inakufa siku zote. Inakufa wakati gani? Wakati inainuka kwa kutumika. Mutumikaji naye hawezi kulala chini ya kaske siku muzima. Lazima ainuke, atoboe, apakie, aendeshe. Ni pale hatari inamukuta: mwili wote uko inje, na kaske inachunga kichwa peke yake.

Njo maana sharia ya kazi mu dunia inapanga mambo kwa mustari. Convention 176 ya OIT, ile ya usalama na afya mu migodi, iliyokubaliwa Geneva mwaka 1995, inasema mwenye mugodi kwanza aondoshe hatari yenyewe. Kama haiwezekani, aifunge kule inatokea. Kisha apange kazi kwa namna ya kuipunguza. Kaske, gan, buti na maske vinakuja nyuma ya ile yote, kwa hatari yenye kubakia. Na inasema tena: vile vyombo, mwenye kazi anatoa bila kumulipisha mutumikaji. Wengi kwetu wameanzia kwa nyuma, na hata kule nyuma hawafiki.

Ile Convention inasema pia kama mutumikaji akiona hatari kubwa, na iko na sababu ya kweli, ana haki ya kutoka ile fasi. Ana haki ya kujua hatari za kazi yake, na ya kuchagua wajumbe wa usalama. Hapa kwetu Code du travail ya mwaka 2002 nayo inasema juu ya comité ya usalama na usafi wa fasi ya kazi. Tusiache comité ile ikuwe karatasi ya kuonyesha inspecteur.

Watoto wetu leo hawahitaji mashini ya zamani. Mwaka 2017 Capcom ilitia ile michezo ya kwanza ku telefone. Na mu batri ya telefone mingi kuko kobalti, na kobalti mingi ya dunia inatoka mu udongo wetu. Kwa hiyo inawezekana kabisa mutoto wa Osaka ao wa Paris anapiga Met juu ya kitu ambacho ndugu yetu wa Kolwezi alitoa chini, pengine bila kaske hata moja. Wachimbaji wa mikono, wale creuseurs, tunawasahau mara mingi ku mikutano ya sendika. Lakini shimo haliulizake kama uko na kontra.

Basi hii juma tunawaomba kitu kidogo. Kila mumoja atoe kaske yake, aigeuze na kuiangalia ndani na inje. Imepasuka? Jua limeikausha mpaka rangi inatoka? Kamba ziko zote? Muangalie tarehe iliyoandikwa mule ndani, mwaka ilitengenezwa. Muandike majina na hesabu, fasi kwa fasi, zamu kwa zamu, na muletee mujumbe wenu wa délégation syndicale. Pamoja na hiyo, muandike hatari tatu za fasi yenu ambazo kaske haiwezi kuzuia: jiwe la juu, gari bila freni, hewa mubaya. Ile karatasi ya pili ina uzito kuliko ya kwanza.

Met inainuka peke yake, inapiga mara moja, inarudi kujificha, na kesho mutu anaipita. Sisi tukiinuka, tuinuke zamu muzima, na karatasi mukononi.