Dawa za kifafa baada ya upasuaji wa ubongo: kwa nini haziachwi ghafla

Mshono wa kichwani ukishapona na mgonjwa akarudi shambani au dukani bila kuanguka tena, familia nyingi huuliza: kuna haja gani ya kuendelea kununua dawa za kifafa? Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake hutolewa kliniki. Mgonjwa anayeacha dawa kwa ghafla anaweza kupatwa na mitukutiko mfululizo bila kurejewa na fahamu. Hiyo ni dharura inayoweza kuua.

Dawa hizi hufanya nini

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo. Jeraha, damu iliyovilia, uvimbe au kovu la upasuaji linaweza kuvuruga mawasiliano hayo. Seli nyingi zikitoa umeme kwa pamoja, mwili hutukutika au mtu hupotewa na fahamu. Dawa huzituliza seli hizo, ila haziondoi kovu. Kwa hivyo mgonjwa ambaye haanguki huenda haanguki kwa sababu dawa inafanya kazi yake.

Si wagonjwa wote walio sawa

Kundi la kwanza ni la wale ambao hawajawahi kutukutika, kwa mfano aliyeumia kichwa katika ajali ya bodaboda akapewa dawa za kumkinga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990 ulifuatilia wagonjwa 404 waliokuwa na majeraha mabaya ya kichwa. Katika wiki ya kwanza, takriban wagonjwa 4 kati ya 100 waliopewa fenitoini walipata mtukutiko, ikilinganishwa na 14 kati ya 100 ambao hawakupewa dawa halisi. Baada ya wiki hiyo, dawa haikuonyesha faida ya kuzuia kifafa. Ndiyo maana daktari anaweza kumwachisha mgonjwa wa aina hii baada ya siku 7 hivi.

Kundi la pili ni la wale waliokuwa na kifafa kabla ya upasuaji, au walioanza kutukutika baadaye. Hawa huendelea na dawa kwa muda mrefu. Mara nyingi madaktari husubiri hadi mgonjwa akae takriban miaka 2 bila mtukutiko ndipo wazungumzie kupunguza dawa, ingawa wengine huanza mapema zaidi na wengine hushauriwa kuendelea maisha yote. Mgonjwa wa kundi hili asijipime kwa jirani aliyeachishwa dawa baada ya wiki moja.

Dozi hupunguzwaje

Kabla ya kuamua, daktari huangalia chanzo cha ugonjwa, kama kuna uvimbe uliobaki, picha za ubongo na, inapowezekana, kipimo cha umeme wa ubongo. Akiridhika, hupunguza dozi kidogo kidogo, huku akisubiri wiki kadhaa kabla ya kushuka hatua nyingine. Kwa anayetumia dawa mbili, moja hupunguzwa kwanza. Safari yote inaweza kuchukua miezi. Fenobabitoni, ambayo hutumika sana katika hospitali zetu, huhitaji uangalifu zaidi kwa sababu mwili huizoea, na kuiacha ghafla kwenyewe kunaweza kuleta mitukutiko.

Mtukutiko ukirudi, mgonjwa arudi kliniki mapema ili daktari aamue kama dozi itapandishwa tena. Mwanamke anayegundua kuwa ni mjamzito asiache dawa mwenyewe. Afike kliniki haraka, kwa kuwa baadhi ya dawa, hasa valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni na huenda zikahitaji kubadilishwa.

Tahadhari wakati wa kupunguza

Katika kipindi hiki mgonjwa asiendeshe gari wala pikipiki, asipande mti au paa, na asiogelee au kuteka maji mtoni akiwa peke yake. Jikoni, moto wa mafiga na sufuria ya maji yanayochemka ni hatari kwa mtu anayeweza kuanguka. Ni heri awe na mwenzake. Kukosa usingizi na kunywa pombe huongeza uwezekano wa kutukutika.

Dawa zikikaribia kuisha

Wengine hawakusudii kuacha dawa: fedha hupungua, au zahanati hukosa dawa. Kugawa tembe ili zifike mwisho wa mwezi, au kuazima za mgonjwa mwingine, ni hatari sawa na kuacha. Mgonjwa arudi hospitalini angalau wiki moja kabla dawa hazijaisha na aeleze wazi tatizo lake. Mhudumu wa afya anaweza kumwelekeza kwenye kituo kingine, au kumuunganisha na daktari atakayembadilishia dawa kwa utaratibu. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea boma anaweza kusaidia kupeleka habari hiyo mapema.

Mtu akianguka

Walio karibu waangalie saa, waondoe vitu vigumu au vyenye ncha, waweke nguo laini chini ya kichwa, na mitukutiko ikitulia wamlaze ubavu. Wasimshike kwa nguvu wala kumtia kijiko, kidole au maji mdomoni. Kifafa hakiambukizi, hivyo hakuna sababu ya kuogopa kumgusa. Mtukutiko ukizidi dakika 5, ukijirudia kabla hajapata fahamu, au akiumia, apelekwe hospitalini mara moja.

Kwenye miadi ijayo, familia ibebe pakiti zote za dawa, barua ya kutoka hospitalini na kumbukumbu ya tarehe alizotukutika mgonjwa. Kisha imuulize daktari maswali matatu: mgonjwa wetu yuko kundi gani, uamuzi kuhusu dawa utapitiwa lini, na tumwendee nani akianguka kabla ya tarehe hiyo?