Udaktari: Chuo cha kwanza kinakufikisha wapi kwenye ubingwa?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kijana wa Makunduchi aliyefaulu PCB hukaa na wazazi wake kuchagua chuo. Asomee udaktari SUZA, hapa hapa Unguja, au avuke maji kwenda Muhimbili, Moshi au Mwanza? Hapo hakosekani mjomba wa kusema: "Nenda Muhimbili mwanangu, ukitoka pale ubingwa uko mkononi."

Mjomba amepatia nusu.

Kwa watu wa kusini hili si jambo dogo. Makunduchi na mjini ni kama kilomita 60, na mgonjwa anayehitaji bingwa mara nyingi safari yake ni ya Mnazi Mmoja. Mama mwenye uchungu uliokwama anaijua vizuri barabara hiyo.

Kwanza hesabu ya miaka. Shahada ya udaktari, yaani MD, ni miaka mitano. Utarajali ni mwaka mmoja. Ubingwa, yaani MMed, ni miaka mitatu, na baadhi ya fani ni minne. Jumla ni miaka tisa au kumi, hapo bado hajangoja ajira wala mfadhili. Anayeanza na miaka 20 anakuwa bingwa akikaribia 30, mambo yakienda sawa.

Wengi wameona kwenye filamu jinsi Marekani wanavyofanya: daktari mpya anapangiwa hospitali, anafundishwa ubingwa huku analipwa mshahara. Kwetu siyo hivyo. MMed ni shahada kama shahada nyingine, unaomba chuo na ada inalipwa. Kwa hiyo jina la chuo cha kwanza haliendi mbali sana. Wanaopokea maombi wanataka shahada kutoka chuo kinachotambuliwa, utarajali uliokamilika na usajili wa baraza la madaktari. Kisha wanaangalia alama, hasa za somo lile unalotaka kubobea. Aliyesoma SUZA akapata alama nzuri za upasuaji anaomba MMed Muhimbili kwa fomu ile ile anayojaza aliyesoma Muhimbili.

Ila chuo kina hospitali nyuma yake, na hapo ndipo mjomba alipopatia. Mwanafunzi huipenda fani aliyoiona kwa macho. Muhimbili kuna taasisi ya mifupa na ubongo (MOI) na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, zote eneo moja. Mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura nchini yalianzia hapo mwaka 2010. Moshi, KCMC ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Bugando, Mwanza, inabeba wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima.

SUZA nayo si ya kubezwa. Mafunzo ya udaktari Zanzibar yalianzishwa kwa msaada wa Wacuba, chuo cha Matanzas, na wanafunzi wanajifunzia Mnazi Mmoja. Huko pia wamo madaktari wa Kichina, ambao timu zao zinakuja Zanzibar tangu miaka ya 1960, na ipo taasisi ya upasuaji ya NED iliyojengwa na wafadhili wa Kihispania. Kijana analala kwao au kwa shangazi mjini, na ile pesa ya kupanga Dar inabaki nyumbani.

Swali zuri kuliko "chuo gani kina jina?" ni la kumuuliza mwanafunzi wa mwaka wa nne: mkiingia wodini mnazunguka kitanda kimoja wangapi? Umeshazalisha akina mama wangapi kwa mkono wako? Majibu yake yana faida kuliko picha za tovuti.

Halafu kuna ishu ambayo familia nyingi huisahau: nani atalipia ubingwa? Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, baraza lake la madaktari na bodi yake ya mikopo, mbali na HESLB. Njia ya wengi ni kuajiriwa serikalini, kufanya kazi, kisha kuomba ruhusa ya masomo huku mshahara unaendelea na, ukibahatika, ada inalipwa. Mwajiri huyo naye ana mahitaji yake. Wewe unataka moyo, yeye anatafuta mtu wa dawa za usingizi. Anayetaka kurudi kufanya kazi Unguja aulize mapema wizara inakosa mabingwa gani, na kama akisomea bara atafanyia wapi utarajali na usajili wake utahamishwaje.

Kwa wanaopenda kisu ipo njia nyingine. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa 1999 na makao yake ni Arusha. Hakina kampasi. Daktari anafundishwa akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha anafanya mitihani yao. Ada ipo, lakini hulazimiki kuacha kazi ukarudi darasani.

Na anayewaza Uingereza au Marekani ahakikishe kabla ya kujiunga kwamba chuo chake kimo kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari. Mitihani yao, PLAB kwa Uingereza na USMLE kwa Marekani, ataifanya tu, awe ametoka Mbweni au Muhimbili.

Sifa za kujiunga na MD hubadilika. Zipo kwenye mwongozo wa TCU unaotoka kila mwaka na kupakuliwa bure, kwa hiyo hakuna haja ya kumlipa wakala wa mjini ili akusomee.