Usiku wa Soul Mjini Chicago

Mgeni akiuliza habari za muziki wa Chicago, kwa kawaida hutajiwa blues. Jibu hilo ni kweli, ila ni nusu ya habari. Katika miaka ya 1960 mji huu wa kando ya Ziwa Michigan ulisimama bega kwa bega na Detroit na Memphis kwa muziki wa soul, na mpaka leo wapo wakazi wake wanaovaa vizuri kila mwisho wa wiki na kutoka kwenda kuucheza.

Chanzo cha muziki huo ni uhamaji. Kuanzia miaka ya 1910 Wamarekani Weusi walianza kuyahama majimbo ya Kusini kwa mamia ya maelfu, wakikimbia ubaguzi na ufukara wa mashamba ya pamba. Wengi wa Mississippi walipanda treni za Illinois Central zilizowafikisha Chicago moja kwa moja. Mwaka 1910 watu Weusi mjini humo walikuwa kama 44,000. Kufikia 1970 walizidi milioni moja. Mitaa mingi iliwafungia milango, hivyo wakasongamana Upande wa Kusini, hasa Bronzeville, wakajenga huko makanisa, magazeti, biashara na kumbi zao wenyewe.

Makanisa ndiyo yaliyolea sauti. Sam Cooke, mtoto wa mchungaji, alikulia Bronzeville na akavuma katika nyimbo za injili kabla ya kugeukia za mapenzi. Curtis Mayfield na Jerry Butler walifahamiana kanisani wakiwa vijana, na mwaka 1958 kundi lao, The Impressions, likatamba na wimbo "For Your Precious Love". Mayfield ndiye aliyeupa muziki wa Chicago sura yake: gitaa la upole, tarumbeta zisizopiga kelele, vinanda vya nyuzi, na mwanamume anayeimba kwa sauti ya juu, nyembamba, kana kwamba anamsihi mtu aliye karibu naye. Soul ya Memphis hukushika kifuani. Ya Chicago hukushika mkono.

Sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikaa kwenye barabara ya South Michigan, zilikopangana kampuni za santuri kama Chess na Vee-Jay. Jengo la Chess, nambari 2120, sasa liko mikononi mwa taasisi iliyoanzishwa na mwanamuziki wa blues Willie Dixon, na mgeni anaweza kulitembelea. Redio WVON ilianza 1963 na ikasikika karibu kila nyumba ya Weusi. Mwaka 1970 Don Cornelius alianzisha kipindi cha televisheni cha Soul Train hapo hapo Chicago, kisha mwaka uliofuata akakihamishia Los Angeles.

Baada ya hapo mengi yaliondoka. Kampuni ziliuzwa au zikafungwa. Regal Theater, ukumbi uliofunguliwa 1928 katika mtaa wa 47 na kupokea karibu kila nyota Mweusi wa Marekani, ulibomolewa 1973. Ni hasara ambayo mji huu haujailipa. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna mwekezaji ambaye angeweza kukiuza wala kukivunja, yaani dansi.

Dansi hiyo huitwa stepping. Ilichipuka kutoka dansi ya bop ya miaka ya 1950, na huchezwa wawili wawili. Mwanamume huongoza kwa kuugusa tu mkono wa mwenzake. Mwanamke huzunguka, hurudi, huteleza. Miguu haipai juu ya sakafu. Wachezaji wengi ni watu wazima: madereva wa mabasi, walimu, wauguzi, wastaafu. Wanaume huja na suti, kofia na viatu vilivyong'arishwa vikalingana rangi na mavazi ya wenzao. DJ huwapigia zilipendwa za Tyrone Davis, Gene Chandler, The Chi-Lites. Asiyejua kucheza hukaa pembeni akatazama, au huja mapema, maana kumbi nyingi hutoa mafunzo kabla dansi haijaanza. Kupita katikati ya wachezaji na glasi mkononi ni utovu wa adabu.

Maonyesho makubwa ya zilipendwa hufanyika katika kumbi kama Arie Crown, karibu na ziwa. Makundi hupanda jukwaani moja baada ya jingine, na mara nyingi bendi moja huyasindikiza yote. Pengine katika kundi la watu wanne amesalia mmoja wa asili, lakini mmoja huyo akianza ubeti, ukumbi mzima humwimbia unaofuata.

Upande wa Kaskazini mambo ni tofauti. Huko mashabiki ni vijana, wengi wao Wazungu, na shauku yao ni santuri ndogo adimu ambazo hata wakati wake hazikuvuma. Numero Group, kampuni iliyoanzishwa mjini humo 2003, imezifufua nyingi. Mwaka 2009 iliandaa onyesho katika ukumbi wa Park West, na Syl Johnson, Renaldo Domino na The Notations wakaimba mbele ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa nyimbo hizo zilipotoka. Heshima hiyo ilikuwa ya haki, tena ilichelewa: wasanii wengi wa kizazi kile walilipwa kidogo mno, huku wengine wakitajirika kwa sauti zao.

Msomaji atakayefika Chicago abebe pasipoti, kwa sababu kisheria pombe ni kwa waliotimiza miaka 21 na mlangoni hukaguliwa. Baa za kawaida hufungwa saa nane usiku, na Jumamosi saa tisa. Zenye kibali maalumu huendelea hadi saa kumi, na Jumamosi hadi saa kumi na moja alfajiri. Treni ya Red Line, inayounganisha Kaskazini na Kusini, hutembea usiku kucha.

Apande inayoelekea Kusini. Wageni wengi huishia katikati ya mji, penye maghorofa na kumbi za fahari, wakadhani wameiona Chicago. Lakini muziki huu ulitungwa na watu waliofungiwa ndani ya mitaa ya Upande wa Kusini, na wajukuu wao wangali huko. Fedha ya kiingilio ikilipwa kwenye mlango wao, inakuwa imefika kwa wenyewe.