Unauza vitu vyenye betri za saa? Soma hii kabla hujafunga oda

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee zile betri ndogo za duara zinazong'aa kama sarafu, ambazo wengi tunaziita betri za saa. Usiseme "mimi siuzi betri". Angalia tena mzigo wako: mishumaa ya betri, rimoti za taa za mapambo, vipimajoto, kalkuleta, mizani ya mfukoni, midoli inayoimba, kadi za birthday zenye muziki, hata viatu vya watoto vinavyowaka taa. Humo ndimo zilimo.

Utakutana sana na aina mbili. Za alkali zina volti 1.5 na huandikwa LR41, LR44 au AG13 (hizi mbili za mwisho ni betri ileile). Za lithiamu zina volti 3, na inayojulikana zaidi ni CR2032. Hiyo 20 ya mwanzo ni upana wake, milimita 20, na upana huo ndio unaoifanya ikwame kwa urahisi kwenye umio wa mtoto mdogo, yaani njia ya chakula.

Wengi wanaogopa mtoto kukabwa tu. Lakini betri ikigusa nyama yenye unyevu, umeme unapita na kutengeneza pale pale kemikali kali ya aina ya kostiki soda. Wanaotengeneza sabuni wanajua kostiki inavyofanya kwenye ngozi. Ndani ya saa 2 umio unaweza kuungua vibaya, na kidonda kinaweza kuendelea kula mpaka kwenye mshipa mkubwa wa damu hata baada ya betri kutolewa. Za alkali ni ndogo na mara nyingi hupita, ila nazo zinaweza kukwama, na ndani zina majimaji ya aina hiyohiyo. Na betri iliyokwisha, ambayo haiwashi hata taa, bado inaweza kuunguza.

Kuna mteja aliniandikia saa tatu usiku: "Dada, mshumaa mmoja umekuja bila betri, naomba hela yangu." Mshumaa huo niliuwasha mwenyewe kabla ya kufunga, na video ninayo. Ningeweza kumtumia video tukabishana. Nikamuuliza: "Dada yangu, nyumbani kuna mtoto mdogo?" Yupo, wa mwaka na nusu, na kagoma kula tangu jioni. Nikamwambia hela tutaongea kesho, sasa hivi mpeleke hospitali yenye eksirei. Walikwenda kwa bajaji. Picha ikatoka safi, betri ikakutwa asubuhi ndani ya kiatu. Nauli ikaenda, pesa ya picha ikaenda, na angeniuliza tena leo ningemwambia aende tena. Kwa nje huwezi kujua, maana mwanzoni mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Wengine hutokwa udenda, hukohoa, hutapika au hukataa kula, na mzazi anadhani ni mafua.

Usimtapishe. Usimpe chakula wala maziwa "ili ishuke". Usipoteze muda kwenye zahanati isiyo na eksirei, na ukifika mapokezi sema kwa sauti neno "betri", kwa sababu kwenye picha inaweza kudhaniwa ni sarafu. Beba pakiti au betri nyingine kama hiyo. Wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri asali, vijiko viwili vya chai kila dakika 10, mwisho mara 6, kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12. Apewe mkiwa njiani. Kama asali haipo, msiitafute, nendeni. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Betri ikiwa puani au sikioni, usidondoshee kitu chochote, nako ni hospitali haraka.

Sasa upande wetu. Marekani ina sheria ya 2022, Reese's Law, yenye jina la mtoto wa Texas aliyefariki baada ya kumeza betri ya aina hii. Inataka mlango wa betri usifunguke bila kifaa kama bisibisi, au bila vitendo viwili vinavyofanywa kwa pamoja. Mimi naitumia kama kipimo changu: mlango unaofunguka kwa ukucha, au bidhaa ikidondoka mezani betri inaruka, kwenye nyumba yenye watoto siuzi, hata bei ya jumla iwe tamu vipi.

Betri za akiba usizimwage pamoja kwenye kopo, zikigusana zinapata shoti, zinachemka na kuvuja. Kila moja ifunge kwa selotepu pande zote mbili, na zilizokwisha vilevile. Za alkali usizichaji. Ukiona unga mweupe, vaa glavu. Yakiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali.

Ujumbe huu naambatanisha na kila risiti, nakili tu:

"Bidhaa hii ina betri ndogo ya duara. Weka mbali na watoto, kaza skrubu. Ukihisi mtoto amemeza, usisubiri dalili wala usimtapishe, mpeleke hospitali yenye eksirei sasa hivi."